Matone ya Sabuni ya Chance

18 Agosti

Mvua imeanza saa nane mchana, na paa la labo linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Nimesogeza meza, nikaweka ndoo. Msimu huu wamenipa wanafunzi watatu wa memwari, ile kazi ya kumaliza masomo. Wawili watarudia yale waliyofanya wenzao mwaka jana, na mimi sitawazuia. Wa tatu anaitwa Chance, msichana wa kijiji cha Boga, mrefu, si mwepesi wa kucheka. Amekuja na kipande cha sabuni nyeusi kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mama yake huipika kwa mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya kakao. Anataka kupima ni kiasi gani cha sabuni hiyo kinachotosha katika lita moja ya maji mpaka miseli zianze kujikusanya.

Nilimwambia kitabu kilishaandika namba hiyo zamani.

"Kitabu haikupikaka sabuni ya mama, Shefu," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Nikatia saini mada yake.

19 Agosti

Kusahihisha karatasi themanini za mwaka wa kwanza. Goti linauma.

22 Agosti

Leo nilimwambia Chance anieleze miseli ni nini, nikitegemea anisomee maneno ya daftari langu, yale ninayoyasoma darasani tangu miaka kumi na tisa. Hakusoma. Alisema kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Ukitia sabuni kidogo, chembe zinapanda juu ya maji na kusimama pale, vichwa chini, mikia hewani. Uso wa maji ukijaa, zile zinazofuata hazina tena pa kusimama. Basi zinajikusanya ndani ya maji, kwa makumi, mikia ikijificha katikati na vichwa vikigeuka nje. Ndiyo miseli. Na mafuta ya nguo au ya mkono yanaingia hapo katikati pamoja na mikia, maji yanayachukua. "Kabla ya kufika ile kiasi, povu inaweza kuwa lakini miseli hakuna," alisema. "Ninataka kujua ile mulango iko wapi."

Alieleza vizuri kuliko mimi. Sikumwambia.

27 Agosti

Umeme ulirudi kwa nguvu na kuunguza mashine yetu ya kupima mkondo wa umeme ndani ya maji ya sabuni, ambayo ingemwonyesha mlango wake. Ilikuwa moja tu. Wale wanafunzi wawili wengine wamefurahi, sasa wana sababu ya kunakili. Chance aliuliza kama hakuna njia nyingine.

Ipo, na ni ya zamani. Unajaza bireti, yaani kile kibomba cha kioo chenye bilula chini, unaacha mililita tano zidondoke, unahesabu matone. Maji matupu yana uso mgumu, tone linakuwa kubwa kabla halijakatika. Ukiongeza sabuni, uso unalegea, matone yanakuwa madogo na mengi. Unaongeza, yanazidi. Halafu unafika mahali ambapo hata ukiongeza sabuni matone hayaongezeki tena, kwa sababu uso umejaa na kila chembe mpya inaingia kwenye miseli. Ukichora, mstari unapanda kisha unalala. Pale unapolala ndipo ulipo mlango anaoutafuta.

Nilimwonyesha. Maji matupu: matone 71. Akarudia mwenyewe mara sita. 71, 71, 70, 71, 71, 71. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mwanafunzi akirudia kitu mara sita.

2 Septemba

Mvua. Namba zake zinaruka.

4 Septemba

Zinaruka tena. Sabuni ileile, kipimo kilekile: jana 120, leo 97.

9 Septemba

Wiki mbili bila namba hata moja ya kusimama nayo. Leo maji ya sabuni yalikuwa meupe kama maji ya mchele, na chini kulikuwa na utando. Nilimwambia kwa upole, au kwa uchovu, sijui tena kutofautisha, kwamba wakati unakwenda, na kwamba kitabu kinasema miligramu 620 kwa lita. Achukue vipimo vyake vilivyo karibu na hiyo, aviache vile vingine. Watu wengi wamefanya hivyo na ni walimu leo.

Aliosha bireti, akaitundika kichwa chini, akaondoka mvua ikinyesha.

11 Septemba

Alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Usiku kucha nyumbani kwa shangazi yake, huko mtaa wa Shari, alikuwa akipanga namba zake upya, si kwa tarehe bali kwa saa. Zote zilizokuwa chini ni za asubuhi. Zote zilizokuwa juu ni za mchana.

"Asubui maji iko baridi, sabuni inaganda," alisema. "Muchana inayeyuka. Si mimi ninakosa kuhesabu."

Alisema kweli. Sabuni ya mawese ina ile sehemu ngumu ambayo, chini ya joto fulani, haikubali kuyeyuka, na isipoyeyuka haiwezi kufanya miseli hata ukiitia gunia zima. Asubuhi za mvua hapa Bunia tunavaa makoti. Kwa hiyo ameleta mbabula, lile jiko dogo la shangazi yake, na makaa kidogo, anaweka chombo cha sabuni ndani ya sufuria ya maji ya moto, na bireti ameizungushia kitambaa alichokichovya humohumo. Anaangalia kipimajoto kama mama anayechunga maziwa yasimwagike.

Labo yote inanuka moshi. Mkuu wa kitivo alipita, akatazama mbabula, akanitazama mimi, akaenda zake.

17 Septemba

Mstari umelala. Nimeuona kwa macho yangu: 71, 84, 99, 117, 136, 151, halafu 158, 158, 157, 158. Amechora kwa penseli, ameweka rula, na pale mistari miwili inapokutana ni miligramu 410.

Alicheka, mara ya kwanza. Aliniangalia akisubiri nami nicheke. Nilimwambia arudie.

18 Septemba

Nilikwenda maktaba. Mlinzi wa vitabu, Tina, alinitolea memwari yangu mwenyewe bila kuuliza kwa nini. Sikuwa nimeigusa tangu miaka kumi na tisa. Ukurasa wa 34, jedwali la pili: "Sabuni ya majivu ya soko la Bunia: miligramu 620."

Nitaandika hapa kwa sababu hakuna mtu anayesoma daftari hili. Sikupata 620. Nilipata namba zinazoruka, kama Chance. Nilipata maji meupe asubuhi, nikayamwaga. Siku chache za joto mstari ulilala vizuri, na ulilala kwenye mia nne na kitu. Kitabu kilisema 620. Profesa wangu alikuwa mkali, mimi nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na nilifikiri kijana wa kwetu hawezi kuwa sahihi mbele ya kitabu. Nikatunga vipimo vitano. Nilivitunga kwa ufundi: niliweka na makosa madogo ili vifanane na kweli. Walinipa distinksio, alama ya juu. Wakanibakiza chuoni kuwa asistan, mwalimu msaidizi.

Baada ya hapo kila nilipoanza doktora, ile shahada ya juu kabisa, mkono ulikuwa mzito. Watu wanasema ni vita, ni umeme, ni mshahara. Mimi nimewaacha waseme.

20 Septemba

Amerudia. 405.

23 Septemba

Amerudia. 412. Nilikuwa natumaini amekosea. Ni aibu kwa mwalimu kuandika hivyo.

24 Septemba

Mvua tu.

3 Oktoba

Tangu juzi barabara ya Boga imefungwa. Watu wenye silaha wameingia vijiji vya njiani, wamechoma nyumba. Simu za huko hazipiti. Mama yake Chance, Mama Hortense, alikuwa ameondoka nyumbani kuja Bunia na sabuni mpya, kwa sababu ile ya kupimia ilikuwa inakwisha. Yaani alikuwa njiani kwa ajili yetu.

Chance alikuja labo saa mbili kama kawaida. Nilimwambia arudi nyumbani, memwari itangoja. Akasema nyumbani kwa shangazi wamejaa watu wanaolia, na kila simu inapolia wote wanainuka.

"Hapa angalau ninahesabu," alisema.

Akahesabu. Nilikaa upande wa pili wa meza na karatasi zangu, sikusahihisha hata moja. Unasikia tone, unasikia mvua juu ya bati, unasikia tone. Kufika mia moja na kitu alifunga bilula, akasema amepotea, hajui ilikuwa mia na ngapi. Akamwaga yote, akajaza upya. Mtu mwingine angeandika namba iliyo karibu, nani angejua? Mimi ningeandika. Niliandika.

Saa sita nilikwenda kununua ndizi za kuchoma. Alikula moja, nyingine akaifunga kwenye karatasi. Aliniuliza kama kwa maoni yangu mtu wa miaka hamsini na tano anaweza kutembea porini siku mbili. Nilimwambia ndiyo. Sikujua nilichokuwa nasema.

4 Oktoba

Hakuna habari. Matone 158.

5 Oktoba

Hakuna habari. Hakuja. Nilikwenda Shari baada ya mvua, nikamkuta amekaa nje kwenye kibao, viatu vina matope. Alikuwa ametoka mahali magari yanaposhusha wakimbizi, alikuwa amekwenda tangu alfajiri kutazama nyuso. Shangazi yake alinipa chai. Nilikaa nao mpaka chai ikapoa.

7 Oktoba

Mama Hortense amefika. Alitembea siku tatu na wenzake, halafu padri mmoja akawapakia kwenye gari la misheni. Miguu imevimba. Sabuni aliitupa njiani ili ambebe mjukuu wa jirani. Nyumba, wanasema, imeungua pamoja na mapipa ya kupikia.

Estelle, mke wangu, alisikia habari yote kwangu, akapika sombe, majani ya muhogo, sufuria nzima, akaniamuru niipeleke. Nilipotaka kusema nimechoka alinitazama tu.

"Papa Divine," alisema, "uchovu yako iko na miaka mingapi sasa?"

Divine ni binti yetu. Ndiye aliyekuwa mchanga mwaka ule wa memwari.

13 Oktoba

Mama Hortense aliomba kuona mahali mwanawe anaposomea. Alikuja anachechemea, akakaa kwenye kiti changu, akatazama bireti kwa muda mrefu. Chance alimweleza kwa nini namba ya sabuni yao ni ndogo kuliko ya kitabu, au tuseme alimweleza kwamba hajui kwa nini. Mama akauliza kama ile ya kitabu ilitiwa chumvi.

Sisi wawili tulitazamana. Chance alitoka nyumbani kwenda bweni akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuwahi kusimama kwenye pipa mpaka mwisho.

"Bila chumvi haikamate," alisema Mama Hortense. "Inabaki uji. Unatia chumvi mwisho, mikono mbili, ndiyo inakuwa kipande. Kila mama wa Boga anajua ile."

Chumvi. Vichwa vya sabuni vinasukumana majini, kila kimoja kinamkataa mwenzake, ndiyo maana haviko tayari kukaa pamoja mpaka viwe vingi. Chumvi inaingia katikati yao na kutuliza msukumano huo. Basi miseli zinajikusanya mapema, kwa sabuni kidogo zaidi. Nimefundisha jambo hilo kila mwaka, sura ya saba, na sikuwahi kulikutanisha na mama anayepika sabuni.

Chance alikuwa tayari amesimama, anatafuta potasi safi kabatini.

21 Oktoba

Ametengeneza sabuni ya mawese kwa potasi safi, bila majivu, bila chumvi. Mstari umelala kwenye 615. Kitabu hakikusema uongo. Halafu akatia chumvi kidogokidogo katika sabuni ileile: 540, 470, 415. Mama yake hakusema uongo. Mwongo kwenye meza hii ni mmoja tu.

22 Oktoba

Ameanza kuandika. Mvua, na mafua.

30 Oktoba

Siku niliyoiogopa. Amesoma memwari yangu maktaba, kama mwanafunzi mzuri anavyopaswa. Aliniuliza, kwa heshima, itakuwaje sabuni yangu ya majivu, ya soko la hapahapa, yenye chumvi kama zote, ipate 620 kama sabuni safi. Aandike nini?

Nilimwambia aandike kwamba labda zilikuwa sabuni tofauti.

Aliandika. Sentensi pekee ya uongo katika kazi yake yote, na nimemwandikisha mimi.

4 Novemba

Sikulala vizuri. Mafua hayaishi, sasa yameshuka kifuani.

12 Novemba

Tarehe ya utetezi ni 19. Mwenyekiti wa jury, yaani jopo la watahini, ni Profesa Gustave. Tulisoma benchi moja. Yeye aliendelea, alikwenda nje, akarudi na doktora. Ni mtu wa haki lakini si mtu wa kubembeleza. Estelle aliniuliza mbona siongei mezani. Nilimwambia kila kitu, tangu mwanzo. Hakushangaa kama nilivyofikiri angeshangaa. Aliuliza kama msichana anajua. Nilisema hapana. Akaondoa sahani.

19 Novemba

Mvua ilikuwa kubwa mpaka jury ilibidi wapaze sauti. Chance alivaa kitenge cha shangazi yake. Mama Hortense alikaa nyuma pamoja na Estelle, ambaye sikujua kama angekuja.

Chance alisema vizuri. Alieleza kichwa na mkia, uso wa maji uliojaa, matone, mbabula. Mtu mmoja wa jury alicheka aliposikia mbabula, halafu alipoona mchoro wa asubuhi na mchana akaacha. Alieleza chumvi, akasema mbele ya wote kwamba jibu hilo alipewa na mama yake.

Kisha Gustave akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja. Alisema kazi ni safi, lakini kuna jambo moja zito. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika labo hiihii, sabuni ya aina hii ilipimwa kwa njia hiihii, ikapata 620. Namba hiyo yeye mwenyewe ameitumia katika makala mbili. Mwanafunzi anaandika tu "labda zilikuwa tofauti". Sayansi haiendi kwa labda. Aliyepima zamani anajulikana kwa umakini, yuko hapa chumbani, ndiye aliyemwongoza. Mmoja kati yao amekosea, na yeye haoni kwa nini aliyekosea awe yule mkubwa. Alipendekeza kazi irudi, vipimo vyote vifanywe upya, atetee msimu ujao.

Msimu ujao. Nyumba yao imeungua. Hatakuwa na msimu ujao, na kila mtu chumbani alijua.

Chance hakunitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Alitazama mchoro wake, akasema polepole kwamba anaweza kurudia hata kesho, matone yatakuwa yaleyale. Gustave akasema si suala la ukaidi.

Nilisimama. Goti liligonga meza, na wote wakageuka kwa sababu ya kelele hiyo, si kwa sababu yangu.

"Ile namba ya memwari yangu, mimi niliitunga," nilisema. "Nilipata mia ine na kitu, sawa na huyu mutoto. Niliogopa, nikaandika ya kitabu. Na ile neno 'labda' ni mimi nilimwambia aandike. Yeye hakukosa."

Mvua iliendelea. Mkuu wa kitivo aliuliza kama ninaelewa nilichosema. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimetegemea kwamba nitatetemeka, lakini nilikuwa tu na hamu ya kukaa.

Walitutoa nje sote. Tulisimama barazani, maji yakiturukia miguuni. Chance alikuwa mbali nami hatua mbili. Aliniuliza swali moja tu: kama siku ile ya tarehe tisa Septemba, nilipomwambia achukue namba za karibu, nilikuwa najua. Nilisema nilijua. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama na mama yake.

Walimpa distinksio. Wakati wa kutoka Gustave alipita mbele yangu, akasimama.

"Nilijenga juu ya ile namba, Xavier," alisema, na akaenda kwenye gari lake bila mwamvuli.

20 Novemba

Nimelala mpaka saa tatu.

25 Novemba

Barua ya kitivo. Sitaongoza memwari yoyote mpaka baraza likae. Nabaki na darasa la mwaka wa kwanza. Cheo changu kitaangaliwa. Nilisoma mara mbili, nikampa Estelle. Alisoma, akaikunja, akasema bugali inapoa.

Mwanafunzi mmoja kati ya wale wawili alinikuta uani, akageuza njia. Mwingine alikuja kuuliza kama bado anaweza kupima tena kuanzia mwanzo. Nilimwambia mimi si kiongozi wake tena. Akasema anajua, anauliza tu bireti inasafishwa namna gani.

28 Novemba

Chance alipita kuaga. Kituo kimoja cha afya kimemchukua kusimamia dawa na sabuni, na mama yake atapika tena, nyuma ya nyumba ya shangazi, mara watakapopata pipa. Hakukaa. Alinishukuru kwa bireti. Kwa mengine hakunishukuru, na hakunilaumu. Alipofika mlangoni alisema nisikae na kifua kile, nimwone daktari.

29 Novemba

Leo nilikwenda maktaba kwa nia ya kupasua ukurasa wa 34. Tina aliona mkono wangu unavyoushika.

"Hapa hatupasuake kitabu, Shefu," alisema. "Andika pembeni, utie saini."

Alinipa kalamu yake. Niliandika pembeni mwa jedwali, kwa wino, herufi kubwa ili hata mwenye macho mabovu asome: Namba hii si ya kweli. Sikuipima. Tazama kazi ya Chance, rafu ya mwaka huu. Nikaweka jina langu lote.

Tina alivuta memwari upande wake, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akanirudishia.

"Na tarehe," alisema.

Nikaandika tarehe.